Siku Dawa Iliponipinda Shingo

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko Garsen, nyuma ya soko, na kazi inayonilisha ni sare za shule. Nilipougua nilikuwa sijafikisha miaka thelathini. Sikushikwa na homa wala kichwa hakikuniuma. Kwanza usingizi ulipotea, kisha nikaanza kusikia sauti ndani ya cherehani. Nikikanyaga inaongea, nikiacha inanyamaza. Mwanzoni ilitaja jina langu tu. Baadaye ikaniambia kwamba ndani ya pindo za zile sare nilikuwa nimeshonea kitu kitakachowadhuru watoto, na lazima nikitoe.

Nikakitafuta. Nilifumua pindo, nikafumua kola, nikafumua mifuko. Kaka yangu alipokuja kunitazama alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya marundo ya kitambaa cha kijani, vidole vimekatwakatwa na wembe. Mimi ni dada yake mdogo, naye anaendesha bodaboda hapo hapo Garsen, na si mtu wa maneno mengi. Aliutoa wembe mkononi mwangu polepole, akafunga kibanda, akanipakia kwenye pikipiki, akanipeleka hospitali.

Ya siku ile nayakumbuka kwa vipande. Nakumbuka daktari kijana aliyeniuliza kama nasikia watu wasioonekana, nami nikamwambia si watu, ni cherehani. Nakumbuka sindano, na usingizi mzito ulioniangukia kama gunia la mpunga. Tulipotoka, kaka alisimama mlangoni na daktari kwa muda, wakiongea, nami nimekaa kwenye benchi nikitazama nzi akitembea juu ya goti langu. Kisha kaka akatia bahasha ya vidonge mfukoni na kunipeleka kwa mama, kijijini Hewani.

Mama ni mkulima wa kando ya mto. Ana shamba la mpunga na migomba kidogo, na kanisani ni mmoja wa wale akina mama wanaoitwa kukiwa na mgonjwa. Kaka alimkabidhi bahasha, akamwambia kimoja asubuhi na kimoja jioni, ni dawa ya kutuliza akili. Mama akauliza kama kuna jambo lingine la kujua.

"Hakuna, mama. Mungu ampe tu nafuu," kaka akasema, akawasha pikipiki.

Ilikuwa msimu wa mvua. Wakati kaka ananipeleka, barabara ilipitika kwa shida. Muda si mrefu mto ukavunja kingo, na kutoka kijijini mpaka kwenye barabara iliyoinuka usafiri ukawa ni mtumbwi tu.

Dawa ilikuwa inafanya kazi yake. Hilo nalisema mapema kwa sababu wengi wakisikia yaliyofuata hulisahau. Sauti zilirudi nyuma, zikawa kama redio inayolia nyumba ya tatu. Unajua inasema, lakini huna haja ya kujibu. Nililala. Nilikula ugali na samaki mpaka mama akaimba.

Halafu asubuhi moja, nimekaa kwenye mkeka nikisubiri uji, ulimi wangu ukawa mzito. Nilidhani nimeung'ata usingizini. Nikajaribu kumwita mama, neno likatoka limepinda. Taya likaanza kuvutwa upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayevuta droo iliyokwama. Nikalishika kwa mkono kulirudisha, likanishinda nguvu. Kisha macho yangu yakapanda juu. Yalipanda yenyewe, yakakwama kwenye makuti ya paa, na kila nilipojaribu kuyashusha yaliruka tena kule kule. Mwisho ikafuata shingo. Ilijikaza, ikageuka, ikapindia nyuma mpaka kidevu kikawa juu ya bega.

Jambo ninalotaka lieleweke ni kwamba akili yangu ilikuwa timamu. Kwa wiki nyingi haikuwa timamu hivyo. Nilisikia uji ukichemka. Nilisikia mbuzi wa jirani. Nilijua mimi ni nani na niko wapi, ila mwili wangu ulikuwa umeshikwa na mkono nisiouona, na mdomo haukuweza kusema.

Mama aliingia na bakuli. Hakupiga kelele. Aliliweka chini, akapiga magoti, akanishika mashavu.

"Mwanangu, niangalie."

Sikuweza. Nilijua uso wake uko mbele yangu, lakini nilichokiona ni makuti.

Alipotoka kuita msaada watu wakajaa. Kijijini hakuna mlango unaofungwa kwa mgonjwa. Niliwatambua kwa sauti, mmoja mmoja. Mwanamke mmoja wa kwaya akasema huu si ugonjwa wa vidonge. Mwingine akasema shingo ikigeuka hivyo, huyo anayetazama si yeye tena. Nikasikia wakianza kuomba, na katikati ya maombi nikasikia sauti ya mwanamume, jirani yetu mvuvi, mtu mwema ambaye nimemjua tangu utotoni.

"Tumfunge kwanza. Akiinuka hivi ataingia mtoni."

Nikasikia kamba ikiburutwa sakafuni.

Nilitaka kusema, nipo, nawasikia. Kilichotoka ni mlio, na mlio ule ukawatisha zaidi. Wengine walirudi nyuma. Mate yalikuwa yakinijaa mdomoni na kuyameza kulikuwa kazi. Nikawa nahesabu pumzi zangu mwenyewe, nikiogopa kwamba kile kilichoshika shingo kitashuka kooni.

"Hakuna atakayemfunga mtoto wangu," mama akasema.

"Mama, ni kwa usalama wake."

"Nimesema hakuna."

Akaichukua bahasha ya vidonge kutoka juu ya kabati, niliisikia karatasi. Akasema kwa Kipokomo, kwa sauti ya chini, kwamba kitu hiki kitaenda mtoni leo hii. Lakini kabla ya kwenda mtoni akampigia kaka simu. Mikono yake ilikuwa na uji, akabonyeza spika, na nyumba nzima ikasikia.

"Mdogo wako amezidiwa," mama akasema.

Nyuma ya kaka pikipiki zilikuwa zikinguruma. Kisha akauliza, "Shingo imepinda?"

Maombi yalikatika.

"Nimekwambia amezidiwa," mama akasema. "Sijakwambia shingo. Umejuaje?"

"Mama..."

"Umejuaje?"

"Ni dawa, mama. Daktari alisema inaweza kutokea siku za mwanzo. Shingo, au taya, au macho kupanda. Alisema ikitokea arudishwe upesi, kuna sindano ya kuifungua. Mlete. Mlete sasa hivi, nitakuwa barabarani nawangoja."

Mama alikata simu. Kisha akamgeukia mvuvi.

"Wewe uliyetaka kumfunga. Mtumbwi wako uko wapi?"

Alinibeba yeye mwenyewe, yule mvuvi, mpaka kwenye maji. Kamba aliiacha. Walinilaza chini ya mtumbwi, kichwa mapajani mwa mama, na kwa kuwa macho yangu yaliangalia juu tu, safari ile yote ni mbingu. Niliona matawi yakipita. Niliona ndege weupe. Nilijua tunapita juu ya mashamba kwa sababu ya mchakacho wa majani ya mpunga chini ya mbao, na mara moja nikajua tuko juu ya shamba letu wenyewe, kwa vile mama alipumua kwa nguvu.

Kila shingo ilipojikaza upya maumivu yalikuwa kama msuli unaokamatwa usingizini, ule wa kigimbi, ila huu hauachii. Mama alikuwa akinifuta mate kwa ncha ya leso na kunigeuza ubavu ili yasirudi kooni. Hakufundishwa na mtu. Alinigeuza tu kama alivyowahi kutugeuza tulipokuwa wachanga.

Mahali fulani mvuvi akaacha kupiga kasia.

"Kwa nini umesimama?" mama akauliza.

"Kiboko."

Nilimsikia kabla sijaelewa, ule mpulizo mzito wa maji na pumzi, upande wa mbele, si mbali.

"Pita pembeni."

"Yuko na mtoto, mama. Nikimkaribia atatupindua sote. Tungoje asogee."

Tukangoja. Mtumbwi ukaanza kuzunguka taratibu juu ya maji, na mbingu yangu ikazunguka nayo. Hapo ndipo koo lilipobana. Halikuziba, lakini pumzi ilianza kuingia kwa mluzi mwembamba, na mama aliusikia. Mkono wake ukanikaza kifuani.

"Anakosa hewa," akasema. "Jirani yangu, nakuomba, anakosa hewa."

"Namuona, mama. Namuona pia kiboko."

Sijui tulikaa hapo muda gani. Najua kwamba nilianza kuvuta pumzi kwa kufuata mkono wa mama: ukipanda navuta, ukishuka naachia. Niliwaza kwamba nikifa sasa watu watasema nilikufa na shetani, na mama ataishi na neno hilo kijijini maisha yake yote. Hilo liliniudhi, na hasira ilinisaidia, kwa sababu niliendelea kuvuta. Kisha nikasikia maji yakifunuka na kufunika, mbali kidogo, na kasia likaingia majini tena.

Kaka alikuwa anatungoja pale barabara inapoinuka, maji yakiwa magotini mwake, kwa sababu hakuweza kungoja pakavu. Alininyanyua. Nilisikia moyo wake ukipiga kupitia shati. Mama alikaa nyuma yangu kwenye pikipiki, akanifunga kwake kwa leso kama mtoto mgongoni, ila mimi nilikuwa kifuani.

Hospitalini yule daktari kijana alinitazama mara moja tu, kabla hata sijashushwa kitandani.

"Ni ile haloperidol anayomeza," akamwambia sista, na kutaja dawa nyingine ya kuandaa haraka. Kisha akainama sikioni kwangu. "Dada, najua unanisikia. Hii inaisha. Itaisha sasa hivi."

Ukimtoa mama, ndiye mtu wa kwanza siku ile aliyenisemesha kama mtu aliyepo.

Sindano iliingia kwenye mshipa. Niliisikia baridi ikipanda mkononi. Halafu, bila kelele, kitu kikaachia. Macho yalishuka kwanza. Nikaona dari, kisha ukuta, kisha kichwa cha sista, kisha mama, na uso wake ulikuwa mzee kuliko nilivyouacha asubuhi. Taya likafuata, na shingo ikarudi yenyewe, inauma kama imepigwa na rungu, lakini ni yangu. Mama aliinama akalia kwa mara ya kwanza. Sekunde hiyo hiyo alinyanyuka akamgeukia kaka.

"Ulijua."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza kama kuna jambo la kujua. Ukanijibu hakuna."

Kaka alikuwa amejiegemeza ukutani, suruali inachuruzika maji. "Ningekwambia dawa inaweza kumpinda shingo, ungempa?"

"Nisingempa."

"Ndiyo maana sikukwambia. Wewe hukumuona kwenye kile kibanda, mama. Mimi ndiye niliyemnyang'anya wembe."

"Kwa hiyo ukaniacha nimwone vile, watu wamejaa nyumbani, nisijue ni nini? Mtu amekuja na kamba!"

"Nilidhani haitatokea. Daktari alisema si kila mtu."

Waliendelea hivyo, juu ya kichwa changu, kila mmoja akiwa na haki yake. Hapo nikagundua kwamba mdomo wangu unafanya kazi.

"Na mimi je?" nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Mmoja hakumwambia mwingine. Lakini mimi ndiye ninayemeza, na hakuna aliyeniambia mimi."

Daktari alikuwa bado yuko mlangoni. Akasema, kwa upole, kwamba siku ile ya kwanza nisingeweza kumwelewa. Ilikuwa kweli, nikamkubalia.

"Lakini leo naelewa," nikamwambia. "Niambie leo."

Akavuta kiti. Alikuwa na wagonjwa nje, niliwasikia wakikohoa, lakini alikaa. Akanieleza kwamba dawa za akili si kundi moja, kama vile dawa za tumbo zisivyo moja. Kuna za kuondoa sauti na mawazo yanayokwenda kombo, na yangu ni ya kundi hilo. Kuna za huzuni iliyozidi, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na watu wengi huziacha kabla ya hapo wakidhani hazifai. Kuna za kushikilia hisia zisipande sana wala kushuka sana, na hizo nyingine hutaka damu ipimwe mara kwa mara, na baadhi hazimfai mwanamke anayetaka kushika mimba. Na kuna za kutuliza hofu na kuleta usingizi, zinazosaidia haraka, ila ukizitumia muda mrefu mwili unazizoea na kuziacha kunakuwa vita.

"Kila moja inatoa na inachukua," akasema. "Yako inapunguza kitu fulani kwenye ubongo kinacholeta zile sauti. Kitu hicho hicho ndicho kinachosaidia misuli kutii. Wengine kikipungua ghafla, misuli inajikaza. Ndiyo yaliyokupata. Hakuna mtu aliyekuingia."

Mama alimsikiliza neno kwa neno. Alipomaliza, aliuliza, "Na ukimwachisha kabisa?"

"Sauti zinaweza kurudi, mama. Siwezi kukuahidi lini."

Mama akanitazama. Nilijua anachotaka niseme. Nilitaka kukisema pia. Shingo ilikuwa inauma. Lakini nilikuwa nimelala usiku kadhaa bila mtu kuniongelesha kutoka kwenye chuma cha cherehani, na kitu hicho sikuwa tayari kukirudisha.

"Nitaendelea," nikasema. "Lakini nataka kuambiwa kila kitu."

Daktari alipunguza kipimo cha dawa na kuongeza benzhexol, dawa ya kuzuia misuli isijikaze tena. Shingo haikupinda tena. Yakaja mengine, na safari hii niliyajua majina yake kabla hayajafika. Mdomo ulikauka nikawa natembea na chupa ya maji. Maandishi madogo yakawa ukungu. Kisha ikaja hali ya kutotulia, ambayo daktari alikuwa ameitaja nami nikaidharau. Miguu haikutaka kukaa. Nilitembea uani kwa mama mpaka kukawa na njia kwenye udongo. Si wasiwasi wa moyo. Ni kama mwili umekaa juu ya siafu na huwezi kuinuka ukawaacha. Kati ya yote, shingo ikiwemo, ile ndiyo iliyonisogeza karibu kabisa na kuacha dawa.

Nilirudi Garsen maji yalipopungua, nikafungua kibanda. Cherehani ilikuwa kimya, chuma tu. Nikachukua uzi, nikajaribu kuupitisha kwenye tundu la sindano. Mkono ulitetemeka. Nikaegemeza kiwiko, ukatetemeka. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu, mzazi aliyekuwa anasubiri sare iliyofumuliwa, na nikaona anatazama vidole vyangu kisha anaangalia pembeni kwa adabu. Akaniomba kitambaa chake. Nikampa. Nilikaa mlangoni nikalia, kwa sababu akili ilikuwa imerudi na kazi ilikuwa imeondoka.

Daktari alinibadilishia. Dawa mpya iliitwa olanzapine, na ilibidi kaka aifuate Malindi mara za kwanza. Kabla sijaimeza nilimwuliza inachukua nini. Akasema inaleta usingizi kupita kiasi na njaa. Utanenepa, na sukari kwenye damu inaweza kupanda, kwa hiyo tutaipima. Alisema kweli. Mikono ilitulia baada ya wiki chache na uzi ukaingia kwenye tundu. Njaa nayo ikaja, njaa ya kuamka na kula ndizi zilizopikwa jana ukiwa umesimama. Nilitoa mshono kwenye magauni yangu yote, nikaongeza vipande ubavuni, mwishowe nikaanza kujishonea madera. Wanawake sokoni walinipongeza kwa kunenepa, wakidhani ni raha. Sukari yangu ilipanda kidogo, nikapunguza chai tamu na nikaanza kutembea jioni mpaka darajani na kurudi. Imekaa sawa mpaka sasa. Nyakati nyingine, nikiwa nimechoka sana, nasikia kitu mbali, kama mtu anayetaka kuita kisha akaghairi. Namwambia daktari. Naendelea kushona.

Mama hakumsemesha kaka mpaka maji yalipokwisha mashambani. Alipokea salamu zake kupitia kwangu. Mpunga wote ulikuwa umeoza, na siku ya kupanda upya kaka alikwenda Hewani bila kuitwa, akaacha pikipiki mbali, akaingia shambani na kuanza kuvuta magugu pembeni yake. Walifanya kazi asubuhi nzima. Saa ya kula mama alimpakulia, akamwambia, "Siku nyingine nikikuuliza, nijibu." Kaka akasema, "Sawa, mama." Sijui kama alimsamehe siku hiyo au alikuwa amemsamehe zamani akawa anangoja nafasi.

Mwaka huu mwanamke mmoja kutoka upande wa Tarasaa aliingia kibandani na binti yake, akiniomba nimpunguzie sketi. Nilipokuwa nampima binti, niliona kiuno kimebaki mfupa, na midomo yake inajibu mtu ambaye hayupo. Mama yake alingoja binti atoke nje, kisha akaniuliza kwa kunong'ona kama ni kweli yanayosemwa kunihusu, kwamba nilipona.

"Sijapona," nikamwambia. "Natumia dawa na nafanya kazi."

"Wanasema dawa zile zinamharibu mtu."

Ningeweza kumwambia hapana. Ingekuwa rahisi, na pengine angempeleka siku ile ile. Badala yake nikamvutia kiti, nikaanza na shingo, taya na macho. Nikamwambia nini kifanyike yakitokea, na waende wapi. Nikamweleza miguu, mikono, njaa. Ndipo nikamweleza cherehani, na jinsi ilivyonyamaza. Alisikiliza akikunja ncha ya leso yake.

Akalipia sketi, akamshika binti mkono, wakaondoka kuelekea barabarani. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Pale njia inapogawanyika, moja ya kwenda hospitali na nyingine ya kwenda stendi, walisimama muda mrefu wakiongea, na lori likapita kati yetu likiinua vumbi. Vumbi lilipotulia hawakuwepo, na sikuweza kujua wameshika ipi.